Linalala Ubavu wa Kushoto

Miaka ishirini na sita pale bandarini
niliandika makaratasi ya magari ya watu:
namba ya chasisi, namba ya injini, rangi,
ushuru, na ushuru wa uchakavu juu ya ushuru.
Jioni narudi Tabata Kimanga kwa bajaji ya kuchangia,
goti langu kwenye goti la mtu.

Kiinua mgongo kilipotoka, Sikudhani akasema: kiwanja.
Nikasema: kiwanja, ndiyo.
Nikaenda Kinondoni, kwenye yadi ya Mbaruku,
kutazama tu.

Lilikuwa Benzi la buluu ya wino, la mwaka elfu mbili na moja,
limeoshwa hadi matairi yanameremeta.
Mbaruku hakuwa na haraka. Alipangusa boneti kwa kiwiko,
akanena kama mtu aliyetunga tangu jana:

Chuma cha Kijerumani, hakijui kutetema,
ngozi ya ng'ombe kitini, ukikaa hutahama.
Alilitumia nani? Balozi, mtu mzima.
Toa pesa mfukoni, mtaa utasimama.

Kizuri chajiuza. Hili lilikuwa linatembezwa kwa vina,
na mimi, mtu wa makaratasi, nikasahau kuomba makaratasi.
Nilikuwa nimeusikia mlango ukifungwa: dup,
kama kitabu kinene mkononi mwa mtu mwenye adabu.

Wiki ya tatu likaanza kulala.
Usiku naliacha limesimama sawasawa,
asubuhi nalikuta limechuchumaa ubavu wa kushoto
kama ngamia aliyekataa safari.
"Ni upepo," akasema fundi Chilongani kutoka uvunguni,
ndala zake tu zinaonekana.
"Haya hayana springi, mzee. Yanakaa juu ya pumzi."
Pumzi bei gani?
Akataja.
Nikakaa mchangani, karibu na ndala zake.

Tangu hapo naijua Gerezani kuliko ninavyowajua wakwe zangu.
Najua nani anauza kipya, nani anauza kipya cha zamani,
nani husema "orijino" huku anatazama pembeni.
Kioo cha ubavuni kiling'olewa Jumatano, nikiwa msibani Ilala.
Alhamisi nilikinunua, laki na themanini,
kile kile, na mkwaruzo wake wa geti letu.
Muuzaji akanipa risiti.
Nikaikagua. Haikuwa na kasoro.

Sikudhani huliita mke mwenza.
"Mwenzangu kaamkaje?"
"Anakohoa."
"Mpe hela."
Kisha hunitazama nikihesabu noti.
Ukipenda boga, husema, na hamalizii.

Mwezi wa kumi, Chilongani aling'oa kiti cha nyuma
akitafuta waya uliotafunwa na panya,
akaibuka na kikaratasi cha njano, maandishi ya Kijapani.
Balozi gani huyu?
Risiti ya maegesho, labda. Orodha ya sokoni. Talaka.
Mimi niliyesoma mizigo ya meli nzima nzima
nakigeuza juu chini, sijui kinadai nini.
Nimekiweka kwenye kisahani cha majivu.
Kadi ya gari ina jina langu; lakini usiku, nikifunga mlango,
nahisi kadi yenyewe ni ile.

Jana umeme ulikatika tangu saa nane, joto la Februari,
bati linalia peke yake.
Gia zilikuwa zimegoma siku nne: linanguruma, haliendi.
Lakini kiyoyozi kinapuliza.
Nikaliwasha pale pale uani. Likainuka taratibu,
mbele kwanza, kisha nyuma,
kama mtu anayesimama kumpisha mgeni.

Sikudhani akatoka na ungo wake wa mchele.
Akasimama. Akafungua mlango wa nyuma.
Dup.
Akavua ndala, akapandisha nyayo juu ya ngozi ya balozi.
Watoto wa Urio wakabandika pua dirishani.
Kwenye kioo nikamwona amefumba macho,
punje tatu za mchele zimenasa kwenye kanga.

"Dereva," akasema.
Naam.
"Usipite Buguruni. Kuna foleni."